Mgeni Aliyekuja na Jembe Lake

Kwa muda wa miaka mitatu sisi tunaosoma mashairi pamoja tulikuwa tukikutana katika afisi ya kampuni moja ya mizigo, hatua chache kutoka bandarini. Mwenye kampuni alikuwa mpenzi wa tungo, akatukaribisha kila Ijumaa jioni baada ya makarani kwenda zao. Tulikalia viti vyao, tukaweka vikombe vyetu vya kahawa juu ya meza zao, na mara moja moja simu ilipolia tuliinyamazia kama watu waliomo katika nyumba ya mwenzao. Kisha asubuhi moja ya Jumamosi karani mkuu akafungua daftari la mizigo, akakuta juu ya orodha ya magunia duara la kikombe, na ndani ya duara lile mizani mbili za shairi zilizoandikwa kwa kalamu ya risasi. Ufunguo ukadaiwa siku ileile. Hatukutukanwa wala hatukulaumiwa kwa sauti. Tuliambiwa tu kwamba mahali pale ni pa kazi.

Neno hilo ndilo lililoniuma, kwani na sisi tulikuwa kazini. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza suali ambalo wengine huenda wakaliona dogo: mtu akifungua mahali pake pa kazi kwa watu wa nje waje wafanye yao, nani anakuwa mwenyeji, na kazi ya nani inastahili kulindwa na kazi ya mwenzake?

Jambo lenyewe siku hizi lina mtindo wake na hata fahari yake. Mjini Nairobi, mwaka 2010, lilifunguliwa jukwaa la iHub ambako vijana wa kompyuta, makampuni na vikundi vya kila namna waliitumia sakafu moja. Dar es Salaam, mwaka uliofuata, Tume ya Sayansi na Teknolojia ilitoa nafasi ndani ya jengo lake la Kijitonyama kwa vijana wasiokuwa waajiriwa wake, nafasi ambayo baadaye ikajulikana kwa jina la Buni. Na sisi wa Unguja hatuna haja ya kufundishwa. Nyumba ya Forodha ya zamani pale Mizingani, mahali pa hesabu na mihuri, mwaka 2002 iliwapokea wanafunzi wa ganuni na udi wa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi. Ngome Kongwe nayo, iliyojengwa na Waomani mara baada ya kutolewa Wareno, imekuwa kambi ya askari, imekuwa jela, imekuwa karakana ya gari moshi la Bububu, imekuwa klabu ya mabibi, na tangu miaka ya 1990 imekuwa uwanja wa matamasha. Kuta zilezile, kazi mbalimbali. Ila katika mifano yote hii mmoja hutoka ndipo mwengine akaingia, au mmoja hubaki na ufunguo mfukoni. Nilikuwa nikitafuta mahali ambapo wote wamo kwa pamoja na ufunguo haujulikani uko kwa nani. Nilipakuta mbali na bahari, Kondoa.

Msomaji wa pwani akisikia Kondoa hukumbuka, ikiwa hukumbuka kitu, njia ya misafara na watu wetu waliokwenda kufanya biashara bara wakaacha huko misikiti na lugha. Kutoka Dodoma ni safari ya kiasi cha kilomita 160 kuelekea kaskazini, na tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ilipozinduliwa mwaka 2018 safari hiyo haichoshi tena. Kwa mfasiri kama mimi nchi ile ni karamu. Warangi husema lugha ya Kibantu. Waburunge na Waalagwa husema za Kikushi. Wamasai wana yao ya Kiniloti. Na upande wa kusini magharibi, katika eneo ambalo tangu 2012 limo ndani ya wilaya ya Chemba, wako Wasandawe na lugha yao ya vidoko ambayo masikio ya mgeni huiona kama mvua juu ya bati. Koo nne za lugha za Afrika zimekutana katika nchi ambayo mtu anaweza kuipita kwa basi kabla ya chakula cha mchana.

Kiasi cha kilomita ishirini na tano kaskazini ya mji, kando ya barabara hiyo, kipo kijiji cha Kolo. Juu yake katika magenge yanayoshuka kwenye Bonde la Ufa ndimo ilimo michoro ya miambani. Watu huyaita mapango, lakini si mapango ya kuingilia gizani. Ni miamba mikubwa iliyoinama mbele kama upenu wa nyumba, na chini ya upenu huo mna kivuli, ukuta laini na sakafu ya vumbi. Maeneo yenye michoro hukadiriwa kuwa kati ya 150 na 450, yametapakaa katika eneo la kilomita za mraba 2,336. Huko hasa ndiko nilikokwenda na suali langu la afisi, kwa sababu mtu akiondoa akilini mwake neno «makumbusho», anachokiona pale ni mahali pa kazi.

Wa mwanzo kufanya kazi pale walikuwa wawindaji. Kwa udongo mwekundu walichora twiga, ndovu, pofu, na watu warefu wembamba wenye vichwa vya duara kama waliovaa vilemba vya nywele. Kazi hiyo si ya jana: huko Kisese, katika pango ambalo Ray Inskeep alilichimba mwaka 1956, shanga za maganda ya mayai ya mbuni na vifaa vya mawe vimeonesha kwamba watu walikuwa wakiishi na kutengeneza vitu chini ya mwamba ule zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Michoro yenyewe umri wake ni jambo la mabishano, ila kwamba iliendelea kuchorwa kwa muda wa miaka 2,000 na zaidi hilo halina ubishi. Kisha wakaja wakulima na wafugaji, nao wakachora kwa rangi nyeupe, kwa vidole, maumbo mazito yasiyo na ulaini wa yale mekundu. Wakachora wapi? Si kwenye ukuta mtupu wa jirani, ijapokuwa kuta tupu zilikuwapo. Walichora juu ya ile ile kazi ya waliotangulia. Pofu mwekundu amekatwa tumbo na umbo jeupe la mtu mwengine aliyekuja na lugha nyengine.

Niliposimama mbele ya ukuta ule nilikumbuka duara la kikombe juu ya orodha ya magunia.

Imeshaandikwa mengi kuhusu sababu ya kurundikana namna hii. Imogene Lim, aliyefanya utafiti Usandawe na kumaliza tasnifu yake mwaka 1992, alisisitiza kwamba kilichotafutwa na wachoraji ni mahali zaidi kuliko picha: mwamba fulani una nguvu, na anayetaka nguvu hiyo lazima aende pale, hata kama ukuta umeshajaa. Eric ten Raa naye katika makala yake ya 1971 alieleza jinsi baadhi ya Wasandawe walivyokuwa bado wakifahamu uchoraji wa miambani na kuuhusisha na uwindaji, matambiko, na ngoma yao ya simbo ambayo wachezaji wake hupandisha na kujiona wamegeuka simba. Nakubaliana na Lim kuliko wengine wote, labda kwa kuwa ni mtunzi. Sisi tuliambiwa tuhamie ukumbi wa skuli, tukahamia, na mashairi hayakuja tena kama yalivyokuwa yakija katika harufu ya karafuu na makaratasi ya mizigo.

Aliyeifanya Kolo ijulikane ulimwenguni ni Mary Leakey. Mwaka 1951 yeye na mumewe Louis walipiga kambi Kondoa kwa muda wa miezi mitatu, akapanda majukwaa ya miti, akainakili michoro kiasi cha 1,600 mstari kwa mstari. Kazi ile ikakaa miaka zaidi ya thalathini kabla ya kutoka kitabuni mwaka 1983, na jina alilolipa kitabu linasema kwamba sanaa hiyo inatoweka. Moja katika picha alizozinakili, katika mwamba wa kwanza wa Kolo, ina watu watano: wa kati ni mwanamke, na huku na huku ameshikwa mikono. Leakey alisoma humo utekaji, wanaume wa upande mmoja wanamnyakua na wa upande wa pili wanamzuia. Wasomi waliokuja nyuma yake, wakilinganisha na ngoma ya simbo na michoro ya Wasani wa kusini mwa Afrika, wamesoma jambo jengine kabisa: mwanamke amepandisha, na wenzake wanamshikilia asianguke. Nimefasiri maisha yangu yote na bado sijakutana na sentensi iliyonishinda kama mikono ile. Anayevuta na anayetegemeza, mkono wao ni mmoja. Nilikaa mbele ya picha hiyo muda mrefu kuliko ustaarabu ulivyoruhusu, hadi mwenyeji wangu akaanza kuangalia saa.

Hata hivyo, wakati Leakey ananakili, wenye kazi nyengine walikuwa hawajaondoka mahali pale. Mwamba unaoitwa Mungumi wa Kolo ulikuwa, na umeendelea kuwa, mahali pa waganga na wa kuomba mvua. Wagonjwa hupelekwa pale. Kondoo au mbuzi huchinjwa. Pombe ya nafaka hunyunyizwa. Katika nchi kame kama ile kuomba mvua si mchezo wala si mapambo ya utamaduni, na majirani walifuatana kwa jambo hilo bila ya kujali lugha: Waalagwa, kwa mfano, walijulikana kwa ujuzi wa mvua hata Warangi wakawaendea. Kwa hiyo ukuta mmoja ulikuwa na makundi matatu: maiti waliochora, walio hai wanaotambika, na wageni wenye karatasi na kalamu. Kila mmoja akiita anachokifanya kazi, na kila mmoja kwa haki.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na jawabu lake. Mwaka 1937 michoro ikatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Baada ya Uhuru ikaja Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ikarekebishwa 1979. Sheria hizi zilipotungwa ziliangalia kitu: jengo, jiwe, mchoro. Juu ya anayekuja kuomba mvua mbele ya mchoro hazikutamka neno. Mbele ya sheria mganga hakuwa mwenyeji wala mgeni. Alikuwa mtu aliyeingia. Mwanaakiolojia Mtanzania Emmanuel Bwasiri ameliandikia pengo hili kwa uwazi, nami namshukuru kwa kuwa kaliandika kutoka ndani ya fani yake mwenyewe.

Wakati fulani baadhi ya miamba ikazungushiwa vizimba vya mbao na waya. Nia ilikuwa njema. Lakini vizimba havikudumu. Waya na mbao zikaondoka kidogo kidogo kuelekea vijijini. Wapo waliolieleza jambo hilo kwa ujinga wa wanakijiji kutojua thamani ya urithi. Mimi sioni fumbo. Waya ni kitu cha maana kwa mwenye kuku, na mbao ni kitu cha maana kwa mwenye paa. Naongeza la kwangu, ambalo simlazimishi mtu alikubali: mtu uliyemfungia mahali pake pa kazi hawezi kuuheshimu mlango wako.

Nisije nikaonekana namtetea kila aliyeingia. Pombe na mafuta ya mnyama vikirushwa ukutani huacha utando, na chini ya utando huo yumo pofu wa miaka elfu. Wapo pia waliochimba sakafu za miamba usiku kutafuta mali. Yavumishwa kwamba Wajerumani walipokimbia katika Vita vya Kwanza waliificha dhahabu yao mapangoni, na uvumi huo una mzizi katika tukio la kweli, kwani Kondoa-Irangi ilitekwa na jeshi la van Deventer mwezi wa Aprili 1916, na mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck akajaribu kuirudisha asiweze. Dhahabu haijapatikana. Kilichopatikana ni mashimo, na ndani ya mashimo hayo tabaka za kale zimechanganyika, hata mtaalamu hawezi tena kujua lipi lilitangulia lipi. Na wapo wapiga picha na watalii waliomwagia michoro maji ili rangi ing'ae mbele ya kamera. Hao hawaitwi waharibifu, kwa sababu walilipa kiingilio.

Ipo pia hoja ya kufunga, na Kondoa ndiyo inayoitoa kwa nguvu zaidi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kwa sababu milima ya Irangi ilikuwa imeliwa na makorongo mekundu, yanayotisha mtu aliyezoea tambarare za minazi. Mwaka 1979 serikali ikaamua jambo zito: mifugo yote ikatolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256 lililoharibika zaidi. Watu walihama na ng'ombe wao, au waliachana nao. Miaka ikapita, majani yakarudi, miti ikarudi, mashamba yakalimwa chini ya makorongo. Siwezi kusema kufunga kulikuwa kosa. Nasema tu kwamba aliyefunga hakuwa na ng'ombe pale.

Mwaka 2006, katika kikao cha Vilnius, Lithuania, UNESCO iliingiza michoro ya Kondoa katika Orodha ya Urithi wa Dunia, miaka sita baada ya Mji Mkongwe wetu. Sababu zilizotajwa zilikuwa mbili, na ya pili ndiyo iliyonifanya nipande basi: Kondoa haikupokewa kwa ajili ya michoro peke yake, bali pia kwa kuwa miamba ile bado inatumiwa na watu wanaoishi karibu nayo kwa ibada zao. Kikao hichohicho kilipokea Chongoni ya Malawi, ambako michoro myeupe inahusishwa na unyago wa wanawake wa Kichewa na jando la Nyau, mambo yaliyokuwa yakiendelea. Yaani yule mtu ambaye sheria ya 1964 haikumuona, sasa amekuwa sehemu ya sababu ya heshima yenyewe. Mwaka 2011 Tanzania ikaridhia mkataba wa kulinda urithi usioshikika. Kwa kalamu, mganga amekaribishwa ndani.

Kwa kalamu, nasema, kwani karatasi hiyo haikueleza apige wapi pombe yake. Hapo ndipo penye ugumu, wala sidhani kwamba jawabu litatoka Paris au Dodoma. Wazee niliozungumza nao Kolo walinieleza jambo la wastani sana: kwamba zamani palikuwa na watu maalumu wa kuwaingiza wageni mwambani, na kwamba mtu hakujiendea tu; alikwenda na anayejua pa kukaa na pa kutogusa. Mmoja alisema, akicheka, kwamba tatizo la siku hizi ni kuwa kila mtu anakuja na barua kutoka kwa mtu asiyekuwapo. Sisi tuna methali inayompa mgeni siku mbili, na ya tatu jembe. Methali hiyo inadhani kwamba jembe ni la mwenye nyumba na shamba ni lake. Haikumfikiria mgeni aliyekuja na jembe lake mwenyewe begani, akakuta shamba lina majembe mengine matatu.

Siku ya mwisho nilitaka kwenda Mungumi mapema, jua lisijawa kali. Nilikuwa na kibali changu, na risiti ya kiingilio ndani ya kitabu. Kijana aliyenipeleka, mwenyeji wa palepale, alitangulia kwa hatua kiasi cha ishirini, kisha akasimama akainua mkono. Hakukusikika kitu ila mbuzi mmoja. Baadaye ikasikika sauti ya mwanamke, haikuwa wimbo wala haikuwa kilio, na sauti ya mzee ikimjibu.

«Kuna watu kazini, mzee wangu,» akaniambia kwa sauti ndogo.

Nikaitazama risiti yangu, nikairudisha kitabuni. Tukashuka mpaka kwenye mti, tukakaa. Alikuwa na karanga katika mfuko wa suruali, tukala. Kiasi cha saa moja na nusu walishuka watu saba, mmoja wao kafunikwa shuka na anashikiliwa mikono huku na huku. Walitusalimu, tukaitika. Mzee wao akanyoosha kidole kuelekea juu, akatwambia tupite kushoto, kwa kuwa kulia pangali bichi.